Kiwiko Juu ya Daftari

Ndugu zangu, leo tuanze na viwiko. Ndiyo, viwiko. Kila aliyekaa darasani anakumbuka: mtihani ukianza, yule anayeongoza darasa anainama, mkono wa kushoto unalala mezani, kiwiko kinazunguka karatasi yote ili jirani asichungulie. Naona wengine mnacheka. Mnacheka kwa sababu ninyi ndio mliokuwa mnachungulia. Tutawaombea.

Basi, kulikuwa na binti mmoja mwenye kiwiko cha namna hiyo. Aliongoza tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita, na kiwiko chake hakikuwahi kupumzika. Akaingia chuo kikuu. Chuo hicho kilikuwa na darasa moja dogo la wanafunzi waliochujwa kutoka miongoni mwa walio bora, na wenyewe waliliita Darasa la Heshima. Jina la binti likatoka. Kwao baba alichinja mbuzi, mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, na kanisani wakamsimamisha mbele wakampigia makofi. Lakini mwisho wa mwaka wa kwanza palikuwa na mtihani wa kusimama mbele ya walimu, na aliyeshindwa alirudishwa madarasa ya kawaida. Niambieni, angerudi na uso gani nyumbani, na mbuzi ameshaliwa?

Siku ya kwanza mwalimu wao, mama mmoja mwenye mvi asiye na haraka, akawapanga wawili wawili. Akasema, "Kila mmoja atafanya utafiti wake. Ila siku ya mtihani hutaeleza kazi yako. Utaeleza ya mwenzako, naye ataeleza ya kwako. Mtasimama mikono mitupu, bila karatasi. Mwenzako akinyamaza, wewe ndiye umeanguka. Alama zako ziko mdomoni mwake."

Binti alisikia vizuri. Tatizo ni kwamba masikio yalisikia, kiwiko hakikusikia. Akajiambia, mtihani ukikaribia nitamwandikia mwenzangu kurasa mbili akariri, yataisha. Akajifungia chumbani na utafiti wake. Alichunguza kwa nini maharage mengine huchelewa kuiva. Akina mama, msinitazame hivyo. Kwa bei ya mkaa ya siku hizi, hiyo ni elimu kubwa.

Mwenzake alikaa chumba cha pili, ukuta mmoja. Huyu alikuwa akikusanya nyimbo za kubembelezea watoto, na alikuwa na tabia ya kuziimba akifua, akipiga pasi, akisuka nywele. Binti aligonga ukuta ili anyamaze. Yule mwenzake alinyamaza, halafu akaja kugonga mlango, chupa ya chai ya tangawizi mkononi.

"Hodi dada. Maharage yamefika wapi leo?"

"Yanaendelea," binti akajibu, mlango umefunguka kiasi cha kupitisha pua.

"Ulisema yaliyokaa sana ghalani ndiyo magumu. Kwa nini?"

"Joto la ghalani linayakaza. Samahani, nina kazi."

Chai ikapokelewa, mlango ukafungwa. Na kesho yake, hodi tena. Hivyo hivyo mwaka mzima. Sasa nawauliza ninyi: binti aliwahi hata siku moja kusema, "Na wewe, nyimbo zimefika wapi?" Hakuwahi. Chai alikunywa.

Mtihani ukafika. Mwenzake akaitwa kwanza. Akasimama mikono mitupu, akaeleza maharage kama aliyeyalima mwenyewe. Akaeleza ganda, akaeleza joto la ghalani, akaeleza hata ile sufuria ambayo binti aliiunguza akaificha chini ya kitanda, maana harufu ilikuwa imepita ukutani. Walimu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Binti akashusha pumzi. Amepona. Mbuzi wa baba hakuliwa bure.

Ndipo mwalimu akamgeukia. "Haya mwanangu, zamu yako. Tueleze nyimbo za mwenzako."

Binti akasimama. Akamtazama yule aliyemletea chai mwaka mzima, na hapo ndipo alipoelewa. Yeye hataanguka. Yeye ameshavuka. Atakayeanguka ni huyu.

Akalia, akasema, "Mwalimu, sizijui. Alikuja mlangoni kwangu kila siku, sikumuuliza hata mara moja. Nakuombeni, niondoeni mimi, yeye abaki."

Mwalimu akamuuliza, "Mwenzako yuko wapi?"

"Si huyo hapo, mwalimu."

"Basi nenda kamuulize. Kanuni inakataza karatasi. Haikatazi kuuliza. Sisi tutasubiri."

Wakatoka, wakaketi sakafuni kwenye ujia. Binti akasema, "Dada, nyimbo zako zimefika wapi?" Mwenzake akacheka, akaanza kuimba. Binti akashtuka. "Huu si ule ulionifanya nigonge ukuta?" "Ndio huo huo," akasema, "bibi yangu alimwimbia mama." Akamsimulia umetoka kwa nani, umepita kwa nani, na kwa nini mtoto husinzia ubeti wa pili. Binti alisikiliza kwa moyo wote, na nawaambia, katika miaka yake yote ya kuongoza darasa hakuwahi kufurahia kujifunza kitu namna ile. Akarudi mbele ya walimu, akaeleza, kisha akaimba. Sauti haikuwa nzuri. Lakini yule mama mwenye mvi aliitikia, na walimu wengine wakaitikia, na wote wawili wakabaki kwenye Darasa la Heshima.

Wapendwa, sisi ni akina nani katika habari hii? Sisi ni wenye kiwiko. Tunakuja hapa kila Jumapili, tumezungushia mkono shida zetu, furaha zetu, hata baraka zetu, jirani asichungulie. Na yuko mmoja anayetugongea mlango mwaka mzima. Siku ile atasimama kututetea mbele za Baba, naye anatujua vizuri kabisa, hadi sufuria tuliyoificha chini ya kitanda. Kwa upande huo tumeshavuka, na tushangilie.

Lakini huyo uliyekaa naye benchi moja leo, siku ile ukiambiwa, "Tueleze habari za mwenzako," utasema nini? Mmeketi pamoja miaka mingapi? Unajua anakotoka. Unajua sauti yake ya kuimba, na labda inakukera. Amefika wapi, hujui.

Nilikuwa na maneno mengine ya kuhubiri. Nayaacha. Ondoa kiwiko, mgeukie jirani yako, muulize amefika wapi. Mimi naketi hapa. Nitasubiri.