Mizani Mbili, Kamba Moja

Jifya ni jiwe moja la mekoni. Ukilitegemea peke yake, chungu hupinduka, mchuzi ukamwagika, na wenye njaa wakabaki kutazamana. Ndipo wahenga wakanena kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Huku kwetu visiwani Ha'apai hatuna mafiga. Chakula twakifukia ardhini juu ya mawe ya moto, tukaenda zetu kanisani. Lakini yaliyotokea mwaka ule katika darasa la fizikia la Mwalimu Kalolaine yangemfanya hata asiyewahi kuona meko aamini methali hiyo.

Mwalimu Kalolaine aliletwa kutoka visiwa jirani vya Vava'u mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Aliwakuta wanafunzi kumi na wawili walioimeza Sheria ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu ya mwendo kama sala ya Jumapili. Wakiulizwa kwa nini boti ikigonga gati abiria hurushwa mbele, wote walitazama dari. Mwalimu alifuta ubao mzima, akajipangusa chaki mikononi.

"Kukariri kumekwisha leo," alisema. "Mtasoma watatu watatu. Mtapima wenyewe, mtabishana, mtafundishana. Siku ya mtihani wa vitendo, mkaguzi kutoka mji mkuu, Nuku'alofa, atapiga kura na kumwita mmoja tu wa kila kundi. Atakachopata huyo ndicho watakachopata wote watatu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwalimu," darasa liliitikia, lakini Paea alikunja uso.

Paea alikuwa wa kwanza darasani tangu alipojua kushika kalamu. Baba yake alikuwa fundi wa injini za meli mpaka maradhi ya figo yalipomlaza kitandani, na kijana alikuwa amemwahidi kwamba spana zake hazitaota kutu. Chuo cha mafundi wa meli kilichukua mwanafunzi mmoja tu kutoka kisiwa chetu, yule anayeongoza darasa, na kilitaka alama kumi na tano kati ya ishirini katika mtihani huo wa vitendo. Alama hizo Paea alikuwa na hakika ya kuzipata, maadamu aachwe apite peke yake. Sasa alikuwa anafungwa nira na watu wawili aliopewa kwa kura.

Wa kwanza alikuwa Semisi, jitu la timu ya raga, lililokuwa likivuta mkia kila mtihani bila kununa. Wa pili alikuwa Lupe, msichana mpole mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Mama yake Lupe na baba yake Paea walizaliwa tumbo moja. Huku kwetu mtoto wa shangazi si binamu. Ni dada hasa. Na kaka na dada wakishapevuka hawataniani, hawabishani, wala hawakai bega kwa bega. Mwalimu Kalolaine aliijua heshima hiyo kwani Vava'u nako ipo, ila majina ya ukoo ya wale wawili yalikuwa tofauti naye hakuuliza nani ni nani. Darasa zima lilijua. Lakini nani angemwambia mwalimu, tena mgeni, kwamba amekosea? Wakanyamaza kwa adabu. Adabu nayo, jamani, ikizidi huharibu kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Sheria ya Tatu. Mwalimu aliunda vigari viwili vya ubao vyenye magurudumu, akaazima dukani mizani mbili za ndoano, zile za kupimia samaki. Watu wawili hukaa kwenye vigari wakielekeana, kila mmoja ameshika mizani iliyofungwa kwenye ncha yake ya kamba, kisha mmoja huvuta. Wa tatu husimama kando na daftari.

Paea alikaa huku, Semisi akakaa kule na kigari kikalia chini yake. Lupe alisimama nyuma ya Semisi, uso ameugeuzia ukutani nusu. Paea akavuta. Vigari vyote viwili vikaserereka kuelekeana, cha Paea kikaenda mbali zaidi.

"Kilo tisa kwangu!" Paea alipaza sauti. "Yako inasema ngapi?"

"Mimi? Mimi najishikilia nisianguke, bwana wee!" Semisi alijibu huku akicheka mpaka machozi.

Lupe aliiona mizani ya Semisi. Ilisema tisa. Mdomo ulimcheza, kisha akainamisha kichwa. Atamkosoaje kaka yake mbele ya watu? Paea naye hakuweza kumuuliza dada yake wala kumtazama. Alichukua daftari lililoachwa juu ya dawati, akawaza kwamba Semisi ni mzito maradufu yake, basi na nguvu yake ni maradufu. Akaandika kumi na nane. Aliandika kwa mwandiko mzuri, akapiga mstari chini.

Katika mtihani wa majaribio kundi lao lilipata nne kati ya ishirini.

Paea aliitazama karatasi ile hadi herufi zikamchezea machoni. Alimfuata mwalimu uwanjani.

"Mwalimu, nakuomba, niache nifanye peke yangu. Wale wawili wananizamisha. Mmoja anacheka, mwingine bubu."

"Utafanya peke yako vipi, mwanangu? Mizani ya pili atasoma nani?"

"Nitakadiria."

"Ndivyo ulivyokadiria ukapata nne," mwalimu alisema kwa upole. Kijana aligeuka haraka asionekane akilia, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi mwalimu alikwenda kwa mama yake Lupe, Seini, aliyekuwa na wenzake wakigonga magome ya miti kutengeneza nguo za sherehe. Nyundo zao za mbao zilitwanga kwa zamu juu ya gogo moja. Alimweleza kwamba bintiye ana akili lakini darasani hafungui kinywa. Seini aliweka nyundo chini, akaangua kicheko, na wenzake wote wakamfuata.

"Mwalimu wangu, afungue kinywa vipi? Yule Paea ni mtoto wa kaka yangu! Umewaweka kaka na dada kwenye sahani moja, halafu unawaambia wabishane!"

Mwalimu alijipiga kipaji. "Mungu wangu! Na mbona hakuna aliyeniambia?"

"Wewe si mwalimu?" Seini alijibu, na nyundo zikaendelea.

Jumatatu mwalimu alisimama mbele ya darasa na kuomba radhi, jambo ambalo wanafunzi hawakupata kuliona. Akataka kumhamisha Lupe. Lakini kila alikotazama aliona dada na kaka, maana kisiwa chetu ni kidogo na watu wake wote ni ndugu. Kumtoa Lupe pale ni kumtia mwingine kwenye shida ile ile. Mwalimu alikuna kichwa. Hapo Semisi akanyoosha mkono wake mkubwa kama kasia.

"Mwalimu, chifu wetu si hasemi na watu moja kwa moja? Ana msemaji wake. Basi mimi nitakaa katikati niwe msemaji. Kaka akisema nampelekea dada, dada akisema namletea kaka. Mshahara wangu ni chakula cha mchana."

Darasa lilicheka, lakini mwalimu hakucheka. "Kaa katikati," alisema.

Ikawa hivyo. Paea aliketi akitazama dirisha la kushoto, Lupe la kulia, na Semisi katikati kama mlima, akigeuza shingo huku na huku.

"Mwambie kaka," Lupe alianza, sauti ikitetemeka, "kwamba siku ile niliisoma mizani yako. Ilikuwa tisa, si kumi na nane."

Semisi alimgeukia Paea. "Mheshimiwa, dada yako anasema umetupiga chai, uongo mtupu."

"Sikusema hivyo!" Lupe aliruka, na kwa mara ya kwanza akasahau kuona haya.

Paea aliwaka masikio. "Mwambie haiwezekani. Wewe ni mzito maradufu. Tena zingekuwa sawa, mbona kigari changu kilikwenda mbali kuliko chako?"

Lupe hakujibu kwa maneno. Alimnong'oneza Semisi, na Semisi akaviburuta vigari katikati ya chumba. Safari hii Paea alivuta na kuisoma ya kwake, Lupe akaisoma ya Semisi na kuiandika ubaoni. Tisa na tisa. Wakabadilishana, Semisi akavuta. Kumi na mbili, na kumi na mbili. Wakarudia mara saba. Paea aliutazama ubao, akaongea taratibu.

"Semisi, mwambie dada yangu kwamba nilikosea. Mwambie niliandika nisichokiona. Tena anisamehe kwa kumwita bubu."

Semisi hakuongeza mzaha wowote. Aliyafikisha maneno kama yalivyo, na Lupe akajifuta macho kwa upindo wa sketi.

Shida ikabaki moja. Kila Lupe alipotuma kwamba kani, yaani nguvu ya kuvuta, ni sawa bali tungamo ni tofauti, na ndiyo maana mwepesi huongeza kasi zaidi, Semisi alikwama njiani.

"Subirini kwanza," alisema akishika kichwa. "Mimi siwezi kubeba mzigo nisioujua, nitaumwaga. Tungamo ni nini? Ni uzito wangu?"

Ikawalazimu kumweleza kwamba ni wingi wa maada iliyo mwilini mwake. Lupe alieleza hivi, Paea akaeleza vile, na Semisi akawarudisha wote wawili nyuma kila mahali asipoelewa. Kwa kumweleza, Paea aligundua kwamba mambo mawili aliyodhani anayajua alikuwa ameyakariri tu. Walifanya hivyo kila alasiri kwa wiki sita, na Semisi akala magimbi ya watu wengi.

Siku ya mtihani Bwana Kauvaka, mkaguzi mkavu asiyecheka, aliteremka botini na mkoba wake akiwa amejifunga mkeka wa heshima kiunoni. Akatia majina ya kundi la mwisho kwenye kikombe, akachota karatasi moja, akaikunjua.

"Semisi."

Paea aliona spana za baba yake zikiota kutu. Lupe alifumba macho, midomo ikienda kwa sala.

"Kijana, nasikia unacheza raga," mkaguzi alisema. "Ukigongana uwanjani na mtoto wa darasa la tatu, nani anampiga mwenzake kwa kani kubwa zaidi?"

"Mimi, bwana!" Semisi alisema mara moja. Nyuma yake mtu aliguna kwa uchungu. Semisi akainua kidole. "Hapana, bwana, ngoja. Hapo ndipo kaka alipoteleza. Niruhusu nifikirie kwa sauti."

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa kumruhusu. Semisi aligeuza shingo kushoto, kama alivyozoea.

"Kaka anasema mimi ni mkubwa, basi napiga zaidi." Akageuza kulia. "Dada anamjibu kwamba tulipima mara saba, mizani mbili zilisema mamoja. Anavyonipiga ndivyo ninavyompiga." Kushoto tena. "Kaka anauliza, mbona basi mtoto anaruka kama ganda la nazi, mimi nasimama? Dada anasema kani ni ile ile, lakini yeye tungamo lake ni dogo, kwa hiyo inamrusha. Mimi langu ni kubwa, inanitikisa tu." Akamtazama mkaguzi usoni. "Tumepigana sawasawa, bwana. Ila mimi nitaomba radhi."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mkaguzi aliuliza maswali mengine manne, na kila mara shingo ile nene iligeuka kushoto na kulia kabla ya jibu kutoka. Mwishowe aliweka kalamu chini.

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna, bwana. Mimi nilikuwa nawabebea maneno tu."

Bwana Kauvaka aliandika kumi na nane kati ya ishirini, akaisoma kwa sauti. Paea aliruka akasimama. Kumbe chuo cha meli alikuwa amefikishwa na kijana wa mwisho darasani na dada asiyeweza hata kumtazama! Alimshika Semisi begani.

"Mwambie dada..." alianza, na sauti ikamkatikia. Machozi yalimtiririka mbele ya watu wote, asijali.

Semisi aligeukia kulia. Lupe, uso kwenye dirisha lake, alikuwa akilia pia.

"Mwambie nimesikia," alisema.

Hakika, jifya moja haliinjiki chungu.