Sange na Hesabu ya Vipepeo wa Kaskazini

Haya, sogeeni. Hadithi!
— Njoo!
Nije kwa miguu au kwa mabawa?
— Kwa mabawa!
Nikichelewa?
— Tutakungoja!
Nikidanganya?
— Danganya vizuri!

Basi hapo kale, Kaskazini kabisa, kule ambako mawe ni meusi na upepo hauna adabu, aliishi Sange. Mnamjua Sange? Mdogo kama panya, pua ndefu, miguu myembamba, na kwa mbio hana mwenzake. Alikuwa na kijia chake, na kila asubuhi alikifagia kwa mikono, fya! fya! fya! Jani likianguka, fya! Kijiti kikianguka, fya! Kijia kilianzia kwenye mawe, kikapita kwenye migunga, kikaishia kwenye chemchemi, penye kichaka cha miswaki. Huko nyuma ya mawe hapakuwa na kichaka kingine chenye majani mwaka mzima, na viwavi wote wa Kaskazini walikulia humo. Sange naye alizaliwa humo, na mama yake, na bibi yake.

Mwaka huo Mbayuwayu akaja na ujumbe wa Bibi Twiga, msimamizi wa Hesabu.

"Sikilizeni! Kila jimbo lihesabu vipepeo wake na nondo wake! Mvua zikiisha, hesabu ipelekwe kwa Bibi. Atakayeleta hesabu ya jimbo lake atapewa kichaka cha viwavi akilinde, yeye na watoto wake, milele!"

Sasa, mkubwa wa Kaskazini alikuwa Nyegere. Alichaguliwa na nani? Hakuchaguliwa na mtu. Aliyebisha aling'atwa, basi uchaguzi ukaisha. Ngozi nene, kucha ndefu, tumbo lisilojua kushiba. Aliposikia "kichaka cha viwavi", mate yakamdondoka. Akainuka, gudu! gudu! gudu! akaenda zake.

Hakungoja Mbayuwayu amalize. Sange alingoja, akasikia masharti. Anayehesabu apite polepole, njia ileile kila siku. Kila atakayemwona amuulize maswali matatu: Wewe nani? Unakula nini? Nimekukuta wapi? Na asimle hata mmoja. Atakayekula, hana hesabu wala hana kichaka.

Asubuhi yake Nyegere akasimama juu ya kijia, kijia chote kikajaa.

"We kipua!"

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Utahesabu wewe. Hesabu nitapeleka mimi. Na kichaka kitakuwa changu."

Moyo wa Sange ukapiga tu! tu! tu! Alijua Nyegere akipewa kile kichaka atakifukua mpaka mizizi, na mwaka wa pili hapatakuwa na kiwavi, wala jani, wala kwao.

"Lakini Bwana Mkubwa, kuna masharti. Anayehesabu..."

"Nyamaza! Utanifundisha kazi mimi?"

Sange akanyamaza.

Kazi ikaanza. Sange akatembea mbele, polepole, yeye ambaye mbio ndizo sifa yake! Akitokea kipepeo wa njano mwenye ncha nyekundu, pe-pe-pe, Sange husimama. "Wewe nani? Unakula nini? Nimekukuta wapi?" Akijibiwa, husonga hatua moja. Na nyuma yake, kwapu! Nyegere amemeza.

Akitokea mwingine, mweupe kama unga, pe-pe-pe. "Wewe nani? Unakula nini? Nimekukuta wapi?" Hatua moja. Nyuma, kwapu!

"Bwana Mkubwa, kuhusu hilo la kula..."

"Nyamaza! Hesabu!"

Sange akanyamaza, akahesabu. Haikuwa kazi rahisi, nawaambieni kweli. Yeye mwenyewe ni mla wadudu, na wale vipepeo walimpita puani wanene, laini, naye ana njaa. Hakugusa. Alikula mchwa mvua yote, mchwa asubuhi, mchwa jioni. Hata nondo waliolala mchana kwenye magome, wa rangi ya gome hasa, ambao wewe ungewapita mara mia usiwaone, Sange aliwaona mmoja mmoja, akawauliza kwa sauti ya chini wasistuke. Na kwa kila aina aliokota bawa moja lililodondoka, lililoachwa na buibui au kupeperushwa na upepo, akalitunga kwenye uzi wa ukindu.

Mvua zikaisha. Uzi ukawa na mabawa sitini na matatu. Sitini na matatu, Kaskazini! Kule wanakosema hakuna kitu! Sange aliutazama ule uzi jua likiupiga, akasikia kifua kimejaa.

Nyegere akaunyakua, akauvaa shingoni.

"Umenipendeza?"

"Umekupendeza sana, Bwana Mkubwa. Niruhusu nifuatane nawe nikakupigie vigelegele."

"Haya, njoo. Lakini utembee nyuma."

Wakashika njia. Nyegere gudu! gudu! Sange tu-tu-tu. Siku ya tatu Sange akasema, "Bwana Mkubwa, kule wote watataja rangi na majani. Hayo kila mtu anayajua. Mimi naona mkubwa kama wewe aseme jambo ambalo anayelijua ni yeye peke yake."

"Jambo gani hilo?"

"Mimi mdogo nitajuaje?"

Nyegere akawaza. Kuwaza hakukuwa kazi yake, akatoka jasho. Mara akaruka.

"Utamu! Nani mwingine anajua utamu wa kila mmoja?"

"Hakuna," akasema Sange, na hapo hakusema uongo.

Wakafika. Paa wa Pwani alikuwepo na hesabu yake, Pimbi wa Milimani na yake, Fisi-maji wa Ziwani na yake. Paa alipowaona akacheka.

"Kaskazini nao wamekuja! Mmehesabu mawe?"

Sange akakunja vidole. Bibi Twiga akainamisha shingo hadi chini.

"Karibuni, wajukuu zangu. Nani kaleta hesabu ya Kaskazini?"

"Mimi!" Nyegere akatoa kifua mbele, mabawa yakalia cha-cha-cha. "Aina sitini na tatu!"

Paa akaacha kucheka. Paa wa Pwani alikuwa na hamsini na nane. Bibi Twiga akagusa bawa la njano lenye ncha nyekundu.

"Nieleze huyu, mjukuu wangu."

"Huyo? Huyo mtamu, Bibi! Ana mafuta kama karanga."

Masikio ya Bibi Twiga yakasimama. Akagusa la pili.

"Na huyu?"

"Huyo mweupe, unga mtupu. Unahitaji watano ndipo uhisi kitu."

"Na huyu wa rangi ya kutu?"

"Mchungu huyo! Nilitapika siku mbili. Lakini nilirudia, nihakikishe."

"Na huyu nondo wa kijivu?"

"Mkavu, anakwama kooni. Ila mtoto wake, yule kiwavi, aaah, Bibi, acha tu!"

Fisi-maji akaziba mdomo. Pimbi akatazama pembeni. Nyegere akaona wamepigwa na butwaa kwa elimu yake, akaendelea mwenyewe bila kuulizwa: huyu anatafunika, huyu anateleza, huyu aliwe na mguu wake. Akawapitia wote sitini na watatu. Hakuruka hata mmoja.

Bibi Twiga akamwacha amalize. Kisha akauliza polepole, "Mjukuu wangu, Mbayuwayu hakukwambia masharti?"

"Masharti gani?"

"Kwamba anayekula hana hesabu. Wala hana kichaka."

Nyegere akamgeukia Sange, meno nje. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukwambia, Bwana Mkubwa. Uliniambia ninyamaze. Nikaanza tena, ukaniambia ninyamaze, nihesabu. Nikanyamaza. Nikahesabu."

"Ulihesabu wewe?" akasema Bibi Twiga. "Njoo karibu, nikuone."

Nyegere akanyanyua mkono, lakini kwato ya Bibi Twiga ikatua chini kando yake, kwati! Mkono ukarudi.

Sange akatoka mbele. Alikuwa mdogo sana katikati ya wale wote. Akavua uzi kwenye shingo ya Nyegere, ambaye safari hii alitulia kabisa, akaushika bawa kwa bawa. "Huyu ni fulani, anakula majani ya mswaki, nimemkuta penye chemchemi. Huyu ni fulani, anakula mgunga, nimemkuta kwenye gome upande wa kivuli. Huyu ni fulani, anakula majani ya mmea utambaao kwenye mawe, na nimemkuta mara moja tu, nikalia." Jua likahama, Sange akasema. Pimbi akaketi, Sange akasema. Alipofika la sitini na tatu, Paa wa Pwani alikuwa ameinamisha pembe.

"Mawe tunayo," Sange akamwambia. "Hayo sijayahesabu bado."

Kichaka akapewa Sange, yeye na watoto wake. Nyegere akapigwa marufuku kukikaribia, na ndiyo maana mpaka leo anahangaika na mizinga, anaumwa na nyuki puani na bado anarudi. Na ukienda Kaskazini mvua zikianza, ukaona kijia chembamba kimefagiwa safi, kipishe. Kazi inaendelea.

Mimi ni wa huko, msidhani nasema tu. Tuko watu wa mawe na upepo, na tuna sitini na tatu.

Sasa funzo. Kila hadithi lazima iwe na funzo, wakubwa wanapenda. Watoto, watiini wakubwa zenu! Mkubwa akikwambia nyamaza, nyamaza. Sange alitii kila neno, na mnaona alivyofanikiwa.

Hapo imetua. Aliyeipenda aondoke nayo, asiyeipenda aniachie, mimi ninayo nafasi ya kuiweka.