Kwa Nini Betri Iliyovimba Hairudi

Sogeeni, lakini msiiguse. Mnaona betri ya taa yetu ilivyotuna kama chura? Kisa chake ni hiki.

Hapo kale ndani ya betri hapakuwa na mlinzi. Palikuwa na nyumba mbili tu, ya Siwema na ya mdogo wake Tunu, na katikati yao maji. Siwema ndiye mama wa lithiamu, watoto wadogo, wepesi, wasio na idadi. Nyumba yake ilikuwa na ghorofa nyembamba nyembamba zisizo na nguzo. Watoto wenyewe ndio waliozishikilia dari kwa mabega yao.

Taa ilipochomekwa kwenye chaja, umeme uliwasukuma watoto wavuke maji, wakalale kwenye rafu za mama mdogo Tunu. Taa ilipowashwa walirudi kwa mama yao, na kurudi kwao ndiko kulikoleta mwanga. Mwiko ulikuwa mmoja: wasivuke wote, wengine wabaki nyumbani, dari isianguke.

Lakini kwa kina Siwema mwenyeji hasemi, "Nimejaa." Basi siku moja wenye taa waliisahau kwenye chaja, na umeme haukukoma kusukuma.

"Tunu, bado una nafasi?" Siwema aliuliza kutoka ng'ambo.

"Dada nawe! Mgeni hafukuzwi. Walete, watabanana."

"Mbona nasikia dari inalia?"

"Labda inacheka."

Rafu zilipojaa, Tunu aliwalaza watoto kizingitini. Huko wakagandana, wakawa miiba migumu, wasiamke tena. Kwa Siwema nako waliondoka hata wale wa kubaki. Ghorofa zikaangukiana, hewa iliyofungwa ndani ya kuta ikafumuka, maji yakachemka, betri nzima ikavimba.

Siwema alisimama kwenye kifusi akiita. Watoto wachache wakarudi, wakazunguka, wasione pa kuingia. Taa ikamemetuka kidogo, ikazimika.

"Tunu, nani amekosa?" aliuliza. "Umeme ulitoa, wewe ukapokea, mimi nikaruhusu. Mbona wema mtupu umenibomolea nyumba?"

Tunu alikitazama kizingiti chake. "Sijui, dada. Nilidhani ukarimu hauna mwisho."

Na tangu siku hiyo betri huwekewa mlinzi mdogo mlangoni, asiye na ukarimu hata kidogo. Akiona rafu zimetosha husema, "Basi," akaufungia umeme nje. Mlinzi wa taa hii alikuwa ameharibika, nasi hatukujua. Tuliona haikai na chaji, tukazidi kuichaji, tukidhani ina njaa.

Haitarudi ilivyokuwa, wajukuu zangu. Kuichaji tena ni kuwaita watoto kwenye nyumba isiyokuwapo, na huko ndiko moto huanzia. Nileteeni ile ndoo ya mchanga, tuifukie betri humo, tuiweke nje, mbali na jiko. Na mkiniuliza ni nani aliyekosa kati ya wale dada wawili, mimi nimekisimulia kisa hiki miaka mingi, na bado sijui.