Kibao cha Bi Mwanakombo

Alikuwapo muuza halua katika mji wa kale, Bi Mwanakombo, na duka lake lilijificha ndani ya uchochoro. Bila kibao pale njia panda, hakuna mgeni ambaye angelijua. Siku moja akamjia Bwana Shekuwe, mkubwa wa ofisi ya kulinda majengo ya kale, tumbo mbele, salamu hana.

"Kibao chako kinaharibu sura ya mji. King'oe!"

"Na lile libao la mataa la tajiri Nassoro, muuza halua mwenzangu, bwana mkubwa?"

"Lile lina kibali," alijibu, huku akimega halua ya bure.

Bi Mwanakombo aliking'oa kibao, kisha akaangua kilio. "Nimetii. Nitoze faini ukitaka, ila usinitangaze pale njia panda. Uso wangu nitauweka wapi?"

Bwana Shekuwe akacheka. "Kumbe dawa yako ndiyo hiyo!"

Kesho yake pale njia panda palisimama tangazo jekundu, kubwa kuliko mlango: DUKA LA HALUA LA BI MWANAKOMBO, LILILO NDANI YA UCHOCHORO HUU, LIMEPIGWA MARUFUKU KUWEKA KIBAO. ATAKAYEGUSA TANGAZO HILI ATASHTAKIWA.

Kabla ya adhuhuri foleni ya wageni ilijaa uchochoroni, na duka la Nassoro limebaki na nzi. Bwana Shekuwe akaja mbio, jasho likimtiririka.

"Liondoe lile tangazo!"

"Mimi niguse tangazo la serikali? Ling'oe mwenyewe, mji mzima ukuone ukilamba matapishi yako. Lakini kwanza panga foleni, mwanangu. Leo halua ni ya kulipia."