Filta Isiyo na Kimlango

Mmewasikia akina mama wa mashineni wakisema, "Heri oili chafu kuliko injini kavu," nanyi mkataka kujua imetoka wapi. Ilianzia hapa Tukuyu, kwenye mashine ya kusaga ya Tusekile, asubuhi moja ya baridi.

Tusekile alikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakitazama, kisha akawasha injini huku akina mama wakipanga ndoo zao za mahindi. Siku hiyo injini ilinguruma kidogo tu, ikaanza kugonga. Taa nyekundu ya oili ilikataa kuzimika. Akaizima injini upesi, akatuma mtu amwite Fundi Ambakisye.

Fundi alifika na begi la safari begani. Mchana alikuwa na basi la Chunya, alikopata kazi kwenye mashine za machimbo. Tusekile alikuwa na habari hizo muda mrefu, na muda wote huo alikuwa akitafuta la kumwambia. Kila neno alilolipata alilichuja: hili lina haraka, hili lina aibu, hili litamchekesha. Mwishowe hakubakiwa na neno. Akamkaribisha tu, akamshikia spana.

Fundi akaifungua filta, lile chujio la oili, akachungulia ndani, akauliza nani aliinunua. Tusekile akakiri kuwa ni yeye. Filta ya zamani ilipopasuliwa, aliona ndani yake kimlango kilichobanwa na springi, akaambiwa kuwa kuna wakati oili hupitia hapo bila kuchujwa. Hakupenda. Dukani akachagua inayofanana nayo, ila isiyo na kimlango, ili injini yake isiguswe na chembe ya uchafu.

"Dada, umeipenda injini mpaka ukainyima," fundi alisema taratibu. "Oili ikiwa nzito kwa baridi, au chujio likiziba, haipiti. Hapo ndipo springi huachia, kimlango kikafunguka, oili ikaenda hivyo hivyo ilivyo. Kuchuja ni kuzuri, lakini vyuma vikisuguana vikavu, havingoji. Heri oili chafu kuliko injini kavu."

"Kumbe mashine imerithi maringo ya mwenyewe," mama mmoja akasema kutoka kwenye foleni. Wenzake wakacheka.

Fundi akafunga filta nyingine, yenye kimlango. Injini ikawaka, taa ikazimika. Akanawa mikono polepole kuliko ilivyohitajika. Tusekile akaitazama mikono ile, akajua kuwa kesho atachomoa kijiti chake na hakuna atakayepita kumuuliza oili imefika wapi. Akatafuta tena neno safi. Halikuwapo. Fundi alikwisha kuaga, begi begani.

Tusekile akaizima injini.

"Ambakisye," akaita. Siku zote alimwita fundi. "Mimi sijui kusema vizuri. Usiende. Au nenda, kazi ni kazi, ila usije ukazoea huko ukani... Siyo hivyo. Nakupenda. Nilitaka kusema urudi."

Ambakisye akashusha begi juu ya gunia la pumba, akabaki amelishika kamba.

Na yule mama wa foleni, safari hii bila utani, akasema kwa sauti ndogo, "Heri oili chafu kuliko injini kavu."