Mbeleko ya Ngozi ya Pongo

Hadithi hii imenifikia, nami sikutaka iishie kwangu. Isome ukiwa umetulia, kisha umpelekee mwenzako.

Zamani, katika kijiji kimoja kilichopakana na msitu, kulikuwa na mila ya mbeleko. Mwanamke akijifungua mtoto wake wa kwanza, mumewe alitakiwa kumwinda pongo, yule swala wa msituni mwenye madoa meupe, na kuleta ngozi yake kabla ya siku ya arobaini. Siku hiyo mtoto alitolewa nje kwa mara ya kwanza akiwa amebebwa kwenye ngozi hiyo. Baba akiileta, amemkubali mtoto. Asipoileta, ndugu wa mke walikuja kumchukua binti yao pamoja na mtoto, na hapakuwa na kubishana.

Mila ilikuwa na sharti moja gumu. Mwindaji hakutakiwa kusema lolote kuhusu mawindo yake. Akienda hakuaga, akirudi hakusimulia. Waliamini kwamba maneno hutangulia msituni na kumwonya mnyama.

Basi Mashavu alijifungua mtoto wa kike mwezi wa mavuno, na mume wake, Sechambo, akaanza kwenda msituni.

Hapakuwa na mtu kijijini aliyejua kujificha kama Sechambo. Alijenga ulingo wake juu ya mkuyu, mahali pongo walipopita asubuhi kuokota matunda yaliyoanguka. Alikaa ameegemeza mgongo kwenye shina, ili kwa mnyama aonekane kama nundu tu ya mti. Usoni alijipaka masizi. Nguo zake za msituni hazikuingia nyumbani kamwe. Alizitundika huko huko kwenye matawi, zikanyeshewa na kukauka. Kabla ya kupanda alioga kijitoni bila sabuni, akajisugua mwili kwa matunda ya mkuyu yaliyooza. Akishafika juu alipeperusha majivu kidogo kujua upepo unaelekea wapi, na upinde aliuvuta pale tu mnyama alipoinamisha kichwa. Wenzake walizoea kusema kwamba pongo angeweza kuzaa chini ya miguu ya Sechambo asijue kuna mtu.

Tangu aoe hakuwahi kurudi mikono mitupu siku tatu mfululizo. Sasa zikapita siku kumi. Zikapita ishirini. Zikafika thelathini na tano, na ngozi haikuonekana.

Jirani yao, Bi Tatu, alimletea Mashavu uji kila asubuhi, na pamoja na uji alileta maneno.

"Bado?" aliuliza.

"Bado," Mashavu alijibu.

"Mumeo namjua tangu akiwa na upinde wa mchezo. Yule hakosi, mama. Yule hataki." Akapuliza uji. "Labda alitaka wa kiume. Kunywa ungali moto."

Mashavu alikunywa. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Hata bei ya chumvi aliona haya kuuliza, sembuse jambo kama hili. Alichokifanya ni kutazama, na kila alichokiona kilimuumiza. Sechambo alikuwa amehamia kulala jikoni, penye moshi, tangu mtoto azaliwe. Mtoto hakumshika. Jioni alisimama mlangoni akamtazama kwa mbali, kama mtu anayetazama moto wa nyumba ya wengine, kisha akageuka akaenda zake.

Ni kweli wawindaji hujitenga na nyumba wanapotaka kuingia msituni. Lakini wengine hujitenga siku mbili, tatu. Nani hujitenga siku thelathini na tano?

Mchana ule, wakati wa kunyonyesha, chozi lake lilimdondokea mtoto kwenye paji la uso. Alilifuta kwa kidole. Kisha akatuma ujumbe kwao.

Siku ya thelathini na saba alifika kaka yake, Mhina. Naye alikuwa mwindaji, mtu wa masihara mengi, lakini siku hiyo hakuanza na masihara. Alimtazama mpwa wake, akamtazama dada yake, akakaa kwenye kigoda.

"Umefunga mizigo?"

"Nimefunga."

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Amekutukana?"

"Hapana, kaka. Hajafanya kitu. Ndiyo hivyo, hajafanya kitu."

Mhina alikuna kichwa. "Shangazi yetu atakuja siku ya arobaini kukuuliza kama umepewa mbeleko, nami nitabeba mizigo yako. Hilo halina tabu. Lakini mimi ni mwindaji, mdogo wangu. Mtu akimwachia pongo makusudi, mimi nikiwa kando yake nitajua. Ngoja kwanza nikaone."

Sechambo aliporudi jioni, alimkuta shemeji yake amekaa mlangoni.

"Shemeji, kesho nipandishe kwenye huo ulingo wako unaosifiwa," Mhina alisema. "Au umejengwa kwa mtu mmoja tu?"

"Unabeba wawili," Sechambo alijibu. "Lakini usikohoe."

"Nitakohoa nikishuka."

Kesho yake, kabla hakujapambazuka vizuri, wakaondoka wote wawili. Mashavu alibaki na mizigo yake miwili kando ya kitanda. Alijua kaka yake akirudi atakuwa na jibu, na alijiambia amekwisha kulijua. Alikunja nepi za mtoto, akazikunjua, akazikunja tena.

Jua lilikuwa halijafika utosini Mhina aliporudi, peke yake. Mashavu alimwona kwa mbali anavyotembea, mabega yakimtetemeka. Alidhani analia. Alipokaribia akaona anacheka.

"Nipe maji," Mhina alisema. Akanywa, akafuta mdomo. "Dada yangu, mumeo ni mgonjwa."

"Ana nini?"

"Subiri. Tulipanda juu. Nimekaa kwenye malingo mengi, lakini sijaona mtu anayejua kutulia kama yule. Inzi alitembea juu ya jicho lake, hakupepesa. Basi akaja pongo dume, mkubwa, akaanza kula matunda. Nikajisemea, sasa nitaona kama anamwachia. Mumeo akaushika upinde. Mkono ulikuwa unamtetemeka, Mashavu. Mtu asiyetaka mkono wake hautetemeki."

Mashavu alimsogelea kaka yake.

"Pongo akainamisha kichwa. Mumeo akavuta. Upepo ukageuka kidogo tu, kama pumzi. Yule pongo akainua pua, akabweka kama mbwa, akapotea. Nikashangaa. Mti mzima unanuka kuyu, sisi wawili tunanuka kuyu, pongo amenusa nini? Nikamsogelea shemeji, nikamnusa. Shingo, sawa. Mabega, sawa. Nikafika kwenye ndevu." Mhina alianza kucheka tena. "Nikamwambia, shemeji, nisamehe kwa kuuliza, lakini wewe umenyonya?"

"Kaka."

"Ndevu zake zinanuka maziwa. Maziwa ya mtoto. Nikamkalisha chini ya mti mpaka akasema. Siku zote hizi, alfajiri, wakati wewe umelala, anaingia ndani kwa kunyata kama mwizi. Anapiga magoti hapo kando ya kitanda, anaweka uso wake kwenye kichwa cha mtoto, anavuta pumzi. Kisha anakwenda. Anaoga mwili wote, lakini ndevu haziloweshi maji. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, 'Kule juu siku ni ndefu, shemeji. Nilidhani harufu ndogo kama ile haiwezi kufika chini.'"

Mashavu aliketi polepole pembeni ya mizigo.

"Mtu anajificha kwa pongo kwa masizi, kwa majani, kwa kila ujuzi aliofundishwa na babu yake," Mhina alisema, safari hii bila kicheko, "halafu anapanda juu akiwa amembeba mtoto wake usoni. Mimi ningekuwa pongo, ningekimbia pia."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Mila inamfunga mdomo. Wewe nani alikufunga?"

Mashavu aliinamisha uso.

Usiku huo hakulala. Alfajiri alifumba macho akajifanya amelala. Mlango ukasukumwa taratibu. Hatua zikaja, zikakoma katikati ya chumba. Alingoja magoti yaguse sakafu. Hayakugusa. Alipofumbua macho kidogo alimwona Sechambo amesimama palepale, mikono nyuma, anamtazama mtoto kwa mbali. Sasa alikuwa anajua kwamba harufu ya mtoto ndiyo iliyomfukuza pongo. Kisha akageuka kuondoka.

"Mume wangu," Mashavu aliita.

Sechambo alisimama.

Mashavu aliinuka, akamchukua mtoto, akamsogezea. "Mshike."

"Kesho ni arobaini," Sechambo alisema kwa sauti ya chini. "Nitanuka."

"Nuka."

Akampokea. Hakujua kumshika, alimshika kama mtu anavyoshika mayai, viwiko vimetanuka. Mtoto alijinyoosha, akapiga miayo, akalaza shavu kifuani kwake. Sechambo alifumba macho. Mashavu alipoona bega la mume wake linatikisika, alitazama pembeni ili asimwaibishe.

Baadaye Sechambo alikwenda kijitoni akaziosha ndevu mpaka kidevu kikawaka. Alikaa ulingoni kutwa nzima, ametulia kama nundu ya mti. Lakini pongo waliogutushwa jana hawarudi leo. Hakuja hata mmoja. Jioni alirudi mikono mitupu, na hakuna aliyehitaji kumwuliza.

Siku ya arobaini watu wakajaa uani. Shangazi yake Mashavu, mwanamke mrefu mwenye fimbo, alikuja na wanawake watatu wa ukoo. Bi Tatu alikuwa amekaa mbele kabisa asije akakosa kitu. Kwa mila, swali aliulizwa mke peke yake, na alitakiwa kujibu mbele za watu wote.

Mlango ukafunguliwa. Mashavu alitoka mikono mitupu. Nyuma yake akatoka Sechambo na mtoto kifuani, amefunikwa kipande cha kaniki. Minong'ono ikapita uani, kwa maana mwanamume kumtoa mtoto nje halikuwa jambo lililowahi kuonekana pale.

"Binti yangu," Shangazi alisema, "umepewa mbeleko?"

Mashavu alitazama miguu yake. Alijua akisema hapana, Mhina atainua mizigo, na huo ndio utakuwa mwisho wa nyumba yake.

"Nimepewa," alisema.

"Sema tusikie."

"Nimepewa, Shangazi." Sauti ilitoka, ikamshangaza mwenyewe.

"Iko wapi? Sioni ngozi."

Mashavu aliinua mkono akamwelekeza Sechambo. "Ile pale. Siku arobaini imekwenda msituni kwa ajili ya mtoto, na haikuweza kwenda bila yeye. Kaka yangu ni shahidi. Nilikuwa sijui, kwa sababu sikuuliza. Kosa ni langu pia. Mimi siondoki."

Shangazi alisogea kwa fimbo yake mpaka akawa uso kwa uso na Sechambo. Alimtazama mtoto, aliyekuwa amelala fofofo, ngumi moja imeshikilia ndevu za baba yake na haiachii. Alijaribu kuikunjua ile ngumi ndogo kwa kidole. Ikakaza zaidi, na Sechambo akakunja uso kwa maumivu bila kusogea.

"Nimeona mbeleko nyingi," Shangazi alisema hatimaye, akiwageukia watu. "Hii ni ya kwanza yenye ndevu."

Uani watu wakaangua kicheko. Bi Tatu alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga yake. Mhina akainua ile mizigo miwili, akairudisha ndani mwenyewe, akaanza kuifungua.

Funzo: Kabla hujasema mtu hakupendi, muulize. Wapo wanaopenda kwa kunyata, na tusipowauliza, tunaweza kuwafungia mizigo huku wao wamepiga magoti kando ya kitanda chetu.