Kadhi Aliyemaliza Maneno ya Watu

Palikuwa na kadhi katika mji wa Kizimbwe, jina lake Mwinyikondo, hodari wa kudakia maneno ya watu kuliko paka kudaka panya. Ukifungua kinywa, yeye keshamaliza. Ukivuta pumzi, keshahukumu. Watu wakamsifu, sifa zikampanda kichwani, akatunga sheria: "Mwenye haki hasiti. Asemaye mfululizo ni mkweli. Atakayesita ni mwongo, na ushahidi wake makapi."

Sheria gani hiyo, jamani! Lakini wenyeji walichekelea. Wao Kiswahili wamekinyonya pamoja na maziwa. Wa kuumia alikuwa Kalunde, mfinyanzi wa vyungu, aliyetoka Unyamwezi akiwa mtu mzima, akajifunza lugha sokoni neno moja moja, kama mtu aokotaye kunde zilizomwagika.

Basi Bwana Tawakali, tajiri wa punda arobaini, akakitamani kisima kilicho nyuma ya kibanda cha mfinyanzi huyo. Kalunde alikichimba peke yake, na bila maji yale hafinyangi hata kikombe. Akikikosa, afunge virago arudi kwao. Wakapelekana barazani, mbele ya kadhi na karani wake.

"Bwana Tawakali," akaanza kadhi, "kisima hiki ni—"

"Changu, Shekhe! Cha babu yangu, na babu wa babu yangu!"

"Mashaallah, hajasita hata chembe! Na wewe, mama wa bara, nani ali—"

Kalunde akanyamaza, akingoja swali liishe. Nani alikuleta? Nani alikuoa? Nani alichimba? Milango mitatu hiyo, naye hakutaka kubisha hodi nyumba isiyo yake.

"Amesita!" kadhi akapiga ukelele.

"Sijasita, Shekhe. Nimengoja."

"Kuna tofauti gani?"

"Ninyi neno mnakwenda kulilaki njiani. Mimi nalingoja mlangoni, nilione uso. Siku nyingine mnamkumbatia mgeni wa jirani."

Watu wakaziba vinywa kwa kanga na vilemba. Kadhi akavimba. "Mimi sijapata kukosea! Najua kila neno la kila mtu kabla halijamtoka."

"Hata mimi ninayesema kwa... kwa..."

"Kwa kuchechemea! Hata wewe!"

"Basi nisilichoshe baraza. Ushahidi wangu niutoe mwenyewe, au unaujua?"

"Naujua kama Alhamdu!" Kadhi akaweka kilemba sawa, akabana pua, akaiga sauti ya Kalunde bila kumeza mate: "'Kisima nimekichimba mwenyewe, miezi mitatu, majirani wakiniona. Tawakali alipita na punda wake akanicheka, akasema hapo hapatoki hata jasho. Maji yalipotoka, ndipo babu yake akafufuka!'"

Baraza likaangua kicheko. Tajiri akainama kutafuta kiatu alichokuwa amekivaa. Kadhi, akidhani anashangiliwa kwa umahiri wake, akauliza, "Haya, nimekosea wapi?"

"Hakuna, Shekhe. Ningesema hivyo hivyo, ila ningemaliza alasiri. Karani, umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Amesita popote?"

Karani akaitazama karatasi, akamtazama kadhi, akaitazama tena karatasi. "Hapana. Mfululizo, kama mvua ya masika."

Hapo kadhi akashtuka. "Futa! Hayo si maneno yangu! Nilikuwa... nilikuwa nabahatisha tu!"

"Unabahatisha?" Kalunde akawageukia watu. "Jamani, mmesikia? Anabahatisha! Nani humu alihukumiwa kabla hajamaliza kusema?"

Nyuma kabisa akainuka mzee mmoja. Kisha mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Kisha wauza samaki watatu, mikono wameikunja kifuani. Kisha upande mzima wa kushoto.

"Chagua, Shekhe," akasema Kalunde. "Kama ulijua, umeshatoa ushahidi wangu, tena kwa Kiswahili safi. Kama ulibahatisha, hawa nao wana maneno yao, na wote watayamaliza."

Kadhi akautazama umati. Akamtazama tajiri, ambaye bado alikuwa akihangaika na kiatu chake. Jasho likamshuka hadi ndevuni.

"Kisima..." akasema, "kisima ni cha... ni cha..."

Baraza zima likamgeukia Kalunde ili ammalizie. Kalunde akavuta kigoda, akaketi, akaweka mikono magotini.

"Usiwe na haraka, Shekhe. Sisi watu wa bara hulingoja neno mpaka lifike."